Duka kubwa linataka uwanja wa gulio letu: tuna haki ya kukataa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina duka la rejareja kijijini kwetu, wilaya ya Mbarali, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Kampuni moja kutoka Dar es Salaam imekuja kuomba ekari nne, pale pale tunapofanyia gulio la Jumatano, ijenge duka kubwa la kujihudumia lenye ghala na maegesho ya malori. Mwenyekiti anasema mkutano uko karibu, na kwamba tukikataa tutaonekana tunapinga maendeleo. Vijana wanashangilia ajira, sisi wenye maduka tunaogopa. Akina mama wa gulio, wengi wao wa kutoka vijiji vya jirani, hawajaambiwa lolote. Je, tuna haki ya kukataa? Na tukikataa, tutakuwa tumekosea?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Haki ya kukataa mnayo, na imeandikwa kwenye sheria, haitegemei huruma ya mtu. Kuhusu kukosea, kuukataa uwanja wa gulio usichukuliwe si kosa hata kidogo. Kulikataa duka lenyewe, popote litakapowekwa, ni jambo jingine kabisa na nisingewashauri mlianze. Mambo haya mawili yakichanganywa mkutanoni, mtashindwa yote mawili, kwa hiyo nitayaeleza kila moja kwa nafasi yake.

Nianze na ardhi, kwa sababu nguvu yenu yote iko hapo. Kama uwanja huo uko ndani ya ardhi ya kijiji, unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Sheria hiyo inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inaikataza kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni ninyi wenyewe, kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 na kuendelea. Mwenyekiti hana ardhi ya kutoa, mtendaji hana, diwani naye hana. Na endapo ardhi itatakiwa ihamishwe kutoka ardhi ya kijiji kwenda ardhi ya jumla ili mwekezaji apate hati, kwa eneo lililo chini ya hekta 250 anayeridhia au kukataa ni mkutano mkuu huo huo. Ekari nne hazifiki hata hekta mbili. Tena sheria inataka fidia, yaani aina yake, kiasi chake, namna na wakati wa kuilipa, ikubaliwe kabla ya uhamisho kufanyika. Ahadi ya "mtalipwa baadaye" haimo kwenye sheria.

Kuna jambo moja la kuuliza mapema sana. Vijiji vingi vya kando ya barabara hiyo, kuanzia Igawa, Chimala na Igurusi hadi Inyala, vimekua haraka, na baadhi ya maeneo ya namna hiyo huishia kutangazwa kuwa maeneo ya mipango miji. Kama uwanja wenu umeingia humo, mambo yanahamia kwenye Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, na mwenye kauli kubwa anakuwa halmashauri ya wilaya. Nendeni Rujewa, ofisi ya ardhi na mipango miji, mwombe kuuona mchoro wa eneo lenu. Uwanja ukiwa umechorwa kama soko au eneo la wazi, hauwezi kugeuzwa eneo la duka la mtu kimyakimya. Lazima matumizi yabadilishwe rasmi, na wakati wa mabadiliko hayo ndipo pingamizi lenu la maandishi lina uzito. Likifika baada ya msingi kuchimbwa, litasomwa na kuwekwa kwenye faili.

Sasa nikwambie haki hii inapopotelea. Haipotelei mahakamani, inapotelea kwenye muhtasari wa mkutano. Mkutano unaitishwa kwa ajenda nyingine, tuseme choo cha shule au mchango wa zahanati. Watu wanajiandikisha kwenye daftari la mahudhurio, jina na sahihi, wasioweza kuandika wanaweka dole gumba. Jua limeshaelekea, nusu ya watu wameondoka kuwahi ng'ombe na watoto, ndipo mtendaji anasoma barua ya mwekezaji chini ya kipengele cha "mengineyo". Mmoja anaunga mkono, wawili wanaguna, mwenyekiti anasema "basi tumeelewana". Wiki inayofuata kuna muhtasari uliochapwa vizuri unaosema mkutano mkuu umeridhia kwa kauli moja, na nyuma yake imebandikwa orodha ile ya watu waliokuja kusikiliza habari ya choo. Karatasi hiyo ikishafika wilayani na mihuri yake, kuipindua ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo dai lenu la kwanza lihusu utaratibu, hata kabla ya kusema ndiyo au hapana. Ombi la ardhi liandikwe kama ajenda kwenye tangazo la mkutano, likiwa na ukubwa wa eneo, jina la mwombaji na mahali penyewe. Orodha ya mahudhurio iwe ya mkutano huo tu. Kura zihesabiwe, na idadi ya waliokubali na waliokataa iandikwe. Muhtasari usomwe mbele ya watu kabla haujasainiwa, na mtu wenu aupige picha kwa simu kila ukurasa. Wakisema hakuna muda, wakumbusheni kwamba mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ukae angalau kila baada ya miezi mitatu, basi hata mkiliahirisha hili mpaka mkutano ujao mkiwa na mchoro na rasimu ya mkataba mkononi, hakuna kitakachoharibika. Mwekezaji wa kweli anasubiri miezi mitatu. Asiyeweza kusubiri ana sababu yake.

Nije kwenye hofu yako, ya duka. Wengi wanaogopa bei, kwamba duka kubwa litauza sukari kwa bei ya kutupa na ninyi mtafunga. Kwa mazingira yetu naona bei si hatari ya kwanza. Fungua daftari lako la madeni, ukurasa wa Februari, kabla mpunga haujatoka. Utakuta mama fulani, sukari robo, sabuni kipande, mafuta ya kupima ya mia tano, "atalipa mavuno". Utakuta mwalimu wa shule ya msingi, unga kilo tano na vocha, "mwisho wa mwezi". Utakuta kijana wa bodaboda aliyechukua mkate na maziwa asubuhi na kulipa jioni, na pembeni umeweka alama ya vema. Duka la kujihudumia halina ukurasa huo wala haliwezi kuwa nao. Mashine ya keshia haijui mpunga wa nani umeshapandikizwa na wa nani umekaukiwa na maji ya mfereji. Halikati kipande cha sabuni, halipimi mafuta ya mia tano. Kwa hiyo wateja wa kipimo na wa daftari watabaki kwako.

Hatari inaanzia hapo hapo. Watakaohama ni wenye mishahara na wenye fedha ya mauzo mkononi, wanaonunua sukari kilo tano na dumu zima la mafuta. Fedha yao taslimu ndiyo inayokuwezesha kuwasubiri wale wa daftari hadi Juni. Ikiondoka sehemu ya fedha hiyo, utafanya jambo moja tu, utaandika kwenye ubao "leo kukopa hakuna", na hutakuwa na hiari. Atakayeumia Februari ni mkulima ambaye leo anashangilia duka kubwa, na wala hajui kwamba chakula chake cha miezi ya njaa kinabebwa na mwalimu anayenunua kwa fedha dukani kwako. Hili lisemeni mkutanoni kwa maneno hayo hayo. Mkisimama wenye maduka kusema "tutakosa wateja", watu watasema mnatetea matumbo yenu. Lakini mkiuliza nani atawakopesha unga mwezi wa pili, watanyamaza wafikiri.

Upande wa pili ni jumla. Umetaja ghala, nami hilo linanishtua kuliko duka. Wenye maduka madogo wa nyanda hizi wanachukua mzigo Mwanjelwa, Mbalizi au Makambako kwa watu wanaowafahamu, na sehemu ya mzigo huo ni mali kauli: unachukua leo, unauza, unarudisha fedha ukija kuchukua mwingine. Biashara ya huku imejengwa hivyo kwa miaka mingi. Waulize Wakinga, ambao maduka yao yameenea kuanzia Makete hadi Tunduma. Kijana anakaa dukani kwa ndugu yake, anajifunza mzigo na wateja, halafu anafunguliwa duka lake kwa mtaji wa kuaminiana. Ghala la kampuni linauza kwa fedha taslimu, kwa mwenye duka na asiye na duka kwa bei ile ile. Likifanikiwa kumtoa muuzaji wa jumla wa mjini, mali kauli inakufa, na bila mali kauli hakuna kijana wa miaka ishirini atakayefungua duka kijijini kwenu.

Ndiyo maana hoja ya ajira naiheshimu lakini siikubali ikisemwa nusu nusu. Ajira zitakuwepo, za makeshia, walinzi, wapakuaji na wapanga mali. Kijana akipata mshahara wa kila mwezi na michango ya hifadhi ya jamii, hilo ni jambo jema na msilibeze. Ila mwulizeni mwekezaji aandike idadi, aina ya mikataba, na wangapi watatoka kijijini. Halafu hesabuni wenyewe watu wanaokula kutokana na Jumatano moja pale uwanjani. Kuna muuza dagaa wa Kyela, muuza ndizi wa Tukuyu, mwenye viazi vya Umalila, mama wa nyanya kwa sado, mama lishe, fundi cherehani, fundi viatu, wa mitumba, wenye guta na bodaboda, mpaka mkusanya ushuru. Andikeni majina kwa Jumatano tatu mfululizo, nani kauza nini na katoka wapi. Orodha hiyo ndiyo ushahidi mzito mtakaokuwa nao. Duka likija bila gulio kuguswa, wengi wa hawa wataendelea. Likikaa juu ya uwanja, wote watafukuzwa siku moja, kisha mtaambiwa mtatafutiwa eneo jingine, na eneo hilo litakuwa mbali na kituo cha mabasi. Mkoa wa Mbeya unajua gharama ya kuhamisha watu wa soko. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, na hata baada ya jengo jipya kubwa kusimama, malalamiko ya wafanyabiashara kuhusu kodi za vizimba na vyumba yaliendelea. Jengo zuri peke yake haliwarudishi wauzaji.

Sasa kwa nini nisiseme mlikatae duka lote? Kwa sababu mbili.

Moja ni ya haki. Jirani yako ana haki ya kununua mafuta kwa nafuu, kuona bei imebandikwa, kusoma tarehe ya kuisha muda na kupata maziwa yaliyokaa kwenye baridi. Baadhi ya maduka yetu yanauza vitu vilivyopitwa na wakati, na kila anayenunua anajua. Nyingine ni ya hesabu tu. Mkilifukuza kwenu, litakwenda kijiji kinachofuata, na wateja wenu wenye fedha watapanda Coaster kulifuata. Marekani waliliona hili mapema. Walmart, kampuni ya maduka makubwa iliyoanza mwaka 1962 katika mji mdogo wa Rogers, jimbo la Arkansas, ilikua kwa kuingia kwenye miji midogo ambayo wengine waliidharau. Mchumi Kenneth Stone wa chuo kikuu cha jimbo la Iowa alifuatilia mauzo ya miji ya jimbo hilo, akaona kwamba mji uliopata duka hilo ulivuta wanunuzi, ingawa maduka yake yaliyouza bidhaa zile zile yalidhoofika. Miji midogo ya jirani, isiyo na duka hilo, ndiyo iliyopoteza zaidi. Yaani kijiji kinachokataa peke yake hakijakingwa. Vijiji vya barabara moja vikikubaliana masharti, hapo kuna kinga.

Watu wa huko hawakukaa kimya. Mwaka 1993 wakazi wa Greenfield, jimbo la Massachusetts, waliizuia Walmart kwa kura, na walishinda kwa tofauti ndogo sana. Kilichonivutia mimi ni walichokipigia kura. Hawakuulizwa kama wanaipenda kampuni au wanaichukia. Baraza la mji lilikuwa limebadilisha matumizi ya ardhi ili duka lijengwe, nao wakaupinga uamuzi huo wa ardhi. Swali likiwa kuhusu kipande cha ardhi kinachojulikana, hata anayetamani bei nafuu anaweza kupiga kura ya hapana bila kujisaliti. Ninyi pia swali lenu liwe hivyo: "Je, uwanja wa gulio ugawiwe?" Msiruhusu likaandikwa "Je, tunataka maendeleo?"

Ufaransa walichukua njia ya sheria. Tangu mwaka 1973 duka linalozidi mita za mraba 1,000 kwenye miji midogo, au 1,500 kwenye miji mikubwa, lilihitaji kibali cha kamati iliyokuwa na wafanyabiashara wadogo ndani yake. Maduka makubwa hayakukoma, na vibali vyenyewe vikawa bidhaa ya kununuliwa kwa bahasha. Naitaja habari hii kwa makusudi. Kila mahali ambapo kibali kiko mikononi mwa watu wachache, mwenye fedha atawatafuta hao wachache. Mkutano mkuu wa hadhara, kura zikihesabiwa mchana kweupe, unanunulika kwa shida zaidi kuliko kamati ya watu saba. Na mkisikia bahasha inatembea kijijini, TAKUKURU wana ofisi wilayani. Nendeni na majina na tarehe, msiende na minong'ono.

Wazee wenu wanaweza kuongeza jambo ambalo vijana hawalijui. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kufungwa ili duka la ushirika la kijiji libaki peke yake. Nia ilikuwa njema, kumtoa mlanguzi. Lakini pale ambapo duka moja lilipobaki na mzigo usifike, kijiji kizima kilikosa chumvi na sabuni, kwa kuwa hapakuwa na mlango wa pili wa kubisha. Operesheni yenyewe haikudumu. Hatari ya kubaki na mlango mmoja ni ile ile, awe mwenye mlango ni serikali, ushirika au kampuni. Na maduka makubwa hufungwa pia. Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt. Kampuni ya maduka iitwayo Uchumi ilifunga matawi yake ya Tanzania mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaanguka kuanzia 2017. Waliobaki wanalia ni wafanyakazi na wauzaji waliokuwa wamepeleka mali bila kulipwa. Hayo yalitokea mijini, ambako mteja alivuka barabara akaingia duka jingine. Kijijini, kama maduka kumi yameshakufa kabla kubwa halijafunga, atavuka kwenda wapi?

Kuna hoja moja itakayozuka mkutanoni, nikuandae. Mtu atasimama aseme serikali imeshapiga marufuku wageni kufanya biashara ya rejareja. Ni kweli kwamba Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na biashara ya jumla na rejareja imo, pamoja na kununua mazao shambani. Lakini amri hiyo hiyo inayaacha nje maduka makubwa ya kujihudumia, maana yake ni kwamba kampuni ya namna unayoisema haizuiwi nayo, awe mwenyewe raia au mgeni. Msijenge pingamizi lenu juu ya amri hiyo, litaanguka kwa swali moja la mwanasheria wa kampuni. Wala msiligeuze jambo hili kuwa la kuchukia wageni au watu wa Dar. Hata tajiri wa Mbeya mjini akiutaka uwanja wa gulio, jibu ni lile lile.

Tuseme basi mkutano umekataa uwanja, na mwekezaji amekubali kusogea, labda kilomita moja kuelekea upande ambao hakuna gulio. Hapo ndipo mnapoanza kudai, na dai lisiloandikwa halipo. Mimi ningesisitiza mambo machache. Ardhi ipangishwe kwa muda unaojulikana, isitolewe moja kwa moja, na kuwe na kifungu kwamba duka likifungwa kwa kipindi fulani eneo linarudi kijijini. Mchele, maharage, nyanya na mboga zinazolimwa hapa zinunuliwe hapa kwa kiwango kilichoandikwa, na mkulima alipwe ndani ya wiki mbili. Hili la muda wa malipo ndilo nalipigania kuliko yote, kwa kuwa muuzaji mdogo hauawi na bei ndogo, anauawa na ankara ya siku tisini. Kudai masharti ya namna hii si utovu wa adabu kwa mwekezaji. Walmart ilipoinunua sehemu kubwa ya Massmart, kampuni ya maduka ya Afrika Kusini, mwaka 2011, vyombo vya ushindani vya nchi hiyo viliweka masharti, na mwaka 2012 mahakama yao ya rufani ya ushindani ikaagiza wafanyakazi 503 waliokuwa wamepunguzwa warudishwe kazini na wazalishaji wa ndani wawekewe mfuko wa kuwainua. India nayo mwaka huo wa 2012 iliruhusu wageni kumiliki hadi asilimia 51 ya maduka ya bidhaa mchanganyiko, kwa sharti kwamba asilimia 30 ya bidhaa za viwandani zinunuliwe kwa wazalishaji wadogo wa ndani. Nchi kubwa ziliweka masharti na biashara ikaendelea, basi kijiji cha Mbarali chenye ardhi kando ya barabara kuu kina sababu gani ya kuogopa?

Mkataba uupeleke kwa mwanasheria wa halmashauri, na kama mnaweza kuchangishana, mpate na wakili wenu wa kuusoma mara moja kabla haujasainiwa. Ulizeni pia kuhusu tathmini ya mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na maoni ya watu wa eneo ni sehemu ya tathmini hiyo. Maji ya mvua ya paa kubwa na malori yanayogeuzia mbele ya shule si mambo madogo.

Upande wako wewe mwenye duka, usikae kusubiri matokeo ya mkutano. Wenye maduka wenzako wangapi wanapanda gari kwenda Mwanjelwa kila mmoja kivyake kuchukua katoni tatu za sabuni? Mkiungana mkaagiza Fuso moja, mnapata bei ya mwenye ghala bila ghala. Hapa kuna mfano wa mbali ninaoupenda. Mji mdogo wa Powell, jimbo la Wyoming, ulibaki bila duka la nguo baada ya kampuni iliyokuwepo kufunga. Wakazi hawakungoja kampuni nyingine. Waliuziana hisa za dola 500, wakafungua duka lao mwaka 2002. Sisemi mfungue duka la kijiji kesho, hasa baada ya kuwakumbusha 1976. Nasema kununua kwa pamoja kunawezekana kwa watu wa kawaida, na kila mmoja akabaki na duka lake na daftari lake. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Kikundi chenye orodha ya manunuzi ya pamoja na kumbukumbu za mauzo kina cha kumwonyesha afisa maendeleo ya jamii.

Na kama mchele wenu utaingia kwenye rafu za duka hilo, utaingia ukiwa kwenye mfuko wenye alama ya TBS, shirika la viwango, na msimbo wa mistari, hauingii kwa debe. Anzeni sasa na SIDO Mbeya, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, maana taratibu hizo huchukua miezi, na mwekezaji akishafungua atasema "nilitaka kununua kwenu ila hamkuwa tayari".

Kitu cha mwisho ni kile ulichokitaja kama kwa kupita, kwamba wengi wa akina mama wa gulio ni wa vijiji vya jirani. Sheria inawaacha nje hapo. Si wakazi wa kijiji chenu, hawana kura kwenye mkutano wenu mkuu, na uamuzi wenu unaweza kuwaondolea riziki bila wao kuinua mkono. Lakini wenyeviti wa vijiji vyao, vilivyo ndani ya kata yenu, wana kiti kwenye kamati ya maendeleo ya kata, pamoja na mwenyekiti wenu, mbele ya diwani. Jumatano ijayo, kabla uwanja haujajaa, zungukeni na daftari mkusanye majina na vijiji vyao, kila kijiji ukurasa wake. Kila ukurasa upelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji husika ukiwa na barua fupi ya kuomba suala la uwanja liwekwe kwenye ajenda ya kamati ya kata kabla ya mkutano wenu mkuu kukaa. Nakala apewe mtendaji wa kata, naye agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala mtakayobaki nayo.